TAHARIRI: Kiini Macho, Uchawi na Ulimi Usiopimwa

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa walimwengu wote, Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Swahaba zake na kila aliyeufuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Msomaji, desturi ya safu hii ni kuwanasihi wengine. Mwezi huu tunaanza na nafsi zetu, kwani nasaha isiyomgusa anayeitoa haina baraka. Sisi walimu wa madrasa moja iliyo pembezoni mwa mji wa Morogoro, pale barabara inapoanza kuupanda mlima Uluguru, tulimdhulumu mwanafunzi wetu na familia yake. Tulimdhulumu hali ya kuwa tunadhani tunailinda Tauhidi. Tunaieleza habari hii kwa sababu kosa lile halikuwa letu peke yetu. Limeenea katika mitaa na misikiti yetu mingi, na sehemu nyingine limemwaga damu.

Baada ya likizo ya mwezi wa Juni, kijana wa miaka 13 alirejea kutoka Dar es Salaam alikokwenda kumtembelea mjomba wake. Alirudi na pakiti ya karata. Siku moja kabla ya Alasiri aliwakusanya wenzake nyuma ya darasa, akazipitisha karata zile mbele ya macho yao, wakaona kila moja ni tofauti na nyingine. Akamwambia mmoja wao aingize kidole popote apendapo na aitazame karata iliyotokea. Ilikuwa saba ya kopa. Kijana akaitaja bila kuiona. Kisha akazipitisha tena karata zile zile, na safari hii, kwa mshangao wa wote, kila karata ilikuwa saba ya kopa. Watoto wakapiga kelele. Binti mdogo mmoja akaanguka kwa hofu, akalia hadi magharibi.

Habari ilitufikia ikiwa imekwishaota mbawa. Tuliambiwa kijana ana jini, na kwamba karata zimeandikwa kwa damu. Wako waliosema kuwa picha za wafalme zilizomo ni sura za mashetani. Nasi tulifanya nini? Hatukumwita kijana tukamuuliza, wala hatukuomba kuziona karata. Tulimfukuza mbele ya wenzake, tukasoma Ruqya darasani, na mmoja wetu akasimama baada ya swala ya Ishaa kuwaonya watu juu ya uchawi ulioingia katika mtaa. Hakutaja jina, lakini hakuna aliyekuwa halijui. Kuanzia kesho yake vitumbua vya mama wa kijana yule vilibaki katika sinia. Wiki ya pili wanawake jirani waliacha kuchota maji katika bomba lake. Wiki ya tatu alikuta kokoto zimetupwa juu ya bati usiku. Mwanamke huyu ni mjane, na vitumbua vile ndivyo vilivyokuwa ada, sabuni na kibaba cha unga.

Aliyetutoa katika giza lile si mwanachuoni. Ni babu wa kijana, mzee aliyestaafu kazi ya useremala. Alikuja madrasa na pakiti ile ikiwa imefungwa katika leso, akatusalimu, akakaa, akaiweka juu ya mkeka. Akasema: "Ustadhi, mbao zilizokatwa kwa vipimo viwili fundi huzijua kwa kidole hata akiwa kipofu. Hebu pitisheni kidole hapa." Tulipitisha kidole gumba kwenye ncha ya pakiti, tukahisi kweli kuwa karata hazilingani. Akatoa rula. Nusu ya karata zile zilikuwa fupi kuliko nyingine, kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho halikioni. Na zile fupi zote zilikuwa saba ya kopa.

Huo ndio uliokuwa "uchawi" wetu: mkasi na rula.

Ndugu Msomaji, tunakueleza namna inavyofanya kazi ili asije mtu akakutisha nayo. Karata hizi hutengenezwa viwandani na kuuzwa madukani kama kitu cha kuchezea. Nusu ya pakiti ni karata za kawaida, kila moja na alama yake. Nusu ya pili ni karata moja iliyorudiwa rudiwa na kupunguzwa kidogo urefu. Hupangwa moja ndefu, moja fupi, hadi mwisho. Mtu akiziachia kwa kidole gumba kutoka upande mmoja, kila ndefu huanguka pamoja na fupi yake na kuiziba, hivyo mtazamaji huona ndefu tu, nazo ni tofauti tofauti. Akizigeuza na kuziachia kutoka upande wa pili, zile fupi ndizo zinazojitokeza, na zote ni sawa. Unapoambiwa "chagua upendavyo", kwa hakika hukuchagua chochote, kwani umekwishachaguliwa.

Ziko na aina nyingine. Ziko zilizochongwa zikawa nyembamba upande mmoja, ikigeuzwa moja tu huhisiwa kwa vidole ndani ya pakiti nzima. Ziko zenye alama ndogo katika maua ya mgongoni, anayezijua huisoma karata kabla haijafunuliwa. Ziko pia zenye uso pande zote mbili. Zote asili yake ni moja: kitu kimetengenezwa kwa siri, kisha mtazamaji akaonyeshwa kama kwamba ni cha kawaida.

Na wale waliosema picha zile ni mashetani, tunawakumbusha kuwa karata ni karatasi. Majina tunayoyatumia, kopa, shupaza, uru na pau, tumeyapata kwa Wareno, na maana yake kwao ni vikombe, panga, dhahabu na magongo. Nao watu wa Ulaya walianza kuzijua karata katika karne ya 14 Miladia, zikiwa zimewafikia kutoka nchi za Waislamu. Hadi leo katika jumba la makumbusho la Topkapi, Istanbul, imehifadhiwa pakiti ya zama za Mamaluki wa Misri yenye vikombe, sarafu, panga na magongo. Hatusemi haya ili kuzihalalisha, kwani si kila kilichopita mikononi mwa Waislamu ni Uislamu. Tunasema ili tuchukie kitu kwa sababu yake ya kweli, tusikichukie kwa hekaya.

Qur'an ilikwishatufundisha tofauti hii

Aibu yetu ilizidi tulipoyarejea maandiko tunayoyafundisha kila mwaka. Katika Surat Twaha (20:66) Allah anatueleza kuwa kamba na fimbo za wachawi wa Firauni zilimdhihirikia Nabii Musa (a.s.), kwa sababu ya uchawi wao, kama kwamba zinakwenda mbio. Katika Surat Al-A'raf (7:116) tunaelezwa kuwa waliyazuga macho ya watu na kuwatia hofu. Wafasiri wengi wamesimama hapa. Miongoni mwa yaliyonukuliwa katika vitabu vya tafsiri ni kuwa kamba na fimbo zile zilitiwa zebaki ndani, ikapata joto, zikawa zinajikunja kama nyoka. Tazama, Ndugu Msomaji! Hao ni maulamaa wetu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakiuliza swali ambalo sisi tulishindwa kuuliza: ndani ya kitu hiki mna nini?

Imamu Fakhrud-Din Ar-Razi, aliyefariki mwaka 606 Hijria (1210 Miladia), alipoifasiri Aya ya 102 ya Surat Al-Baqara aliyagawa mambo yanayoitwa sihri katika mafungu manane. Moja ni uzugaji wa macho, ambapo mchezaji huyashughulisha macho na akili za watu kwa jambo moja, kisha hufanya jingine kwa haraka wakiwa hawana habari. Jingine ni maajabu yanayotokana na vyombo vilivyoundwa kwa ustadi. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774 Hijria, aliyanukuu mafungu haya katika tafsiri yake. Nao Qadhi Abu Bakr Al-Baqillani, aliyefariki mwaka 403 Hijria, alitunga kitabu kizima cha kupambanua kati ya miujiza, karama, hila, ukuhani na sihri. Na katika karne ya 7 Hijria, Al-Jawbari wa Damascus aliandika kitabu cha kuzifichua hila za matapeli wa zama zake, wakiwemo waliojivika joho la usheikh.

Asije mtu akatufahamu vibaya. Hatusemi kuwa sihri haipo. Itikadi ya Ahlus-Sunna inajulikana, na Mtume (s.a.w.) aliihesabu sihri katika madhambi saba yenye kuangamiza. Tunachosema ni kuwa kiini macho si sawa na kufanya mkataba na mashetani, na mwenye kuvichanganya amesema juu ya dini bila ya elimu. Allah ametukataza katika Surat Al-Israa (17:36) kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo, na akatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Masikio yetu yalisikia uvumi. Macho yetu hayakutazama. Nao moyo ukahukumu!

Nani ananufaika na ujinga wetu?

Huenda mtu akasema: kosa lenu ni la kuzidi katika kuogopa shari, na kuzidi huko kuna heri. La hasha. Hofu isiyo na elimu huwapa nguvu wale wale tunaodai kuwapiga vita.

Mwaka 1856, Ufaransa ikiwa imeitawala Algeria kwa mabavu tangu mwaka 1830, serikali yake ilimpeleka Algiers fundi mashuhuri wa mazingaombwe, Jean-Eugène Robert-Houdin. Kazi yake ilikuwa kuudhoofisha ushawishi wa masheikh wa zawiya ambao wakoloni waliwaogopa kuwa watachochea mapambano. Alimwita jukwaani mtu mwenye nguvu, akamtaka anyanyue sanduku dogo, akalinyanyua kwa urahisi. Kisha akatangaza kuwa amemnyang'anya nguvu zake. Mtu yule akajaribu tena, akashindwa kulitikisa, hadi akapigwa na mtikisiko akakimbia. Chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme, na mshiko wa sanduku ulitiwa umeme. Dola ilitumia umeme na chuma kuwashawishi watu kuwa nguvu za Mfaransa zinashinda nguvu zote. Je, hila ile ingepata wapi nafasi iwapo watu wangekwishafundishwa kuwa karama haithibitishwi kwa maajabu, bali kwa kusimama imara juu ya Kitabu na Sunna?

Tusiende mbali. Nani katika mji huu hajasikia habari za karata tatu katika vituo vya mabasi na pembezoni mwa masoko? Mkulima ameshuka kutoka Kinole au Matombo, ameuza ndizi, karafuu au pilipili manga, na fedha ya msimu mzima imo katika mfuko wa shati. Anakuta watu wamezunguka boksi. Mmoja anashinda, wa pili anashinda. Hajui kuwa wanaoshinda ni washirika wa mchezeshaji. Hajui kuwa mkono ulioshika karata mbili unaweza kuiachia ya juu badala ya ile ya chini, huku jicho likiapa kuwa limeiona ya chini ikianguka. Mshirika mmoja anajifanya mwizi, anaikunja kwa siri pembe ya karata inayoshinda na kumkonyeza mkulima. Naye mkulima, akidhani sasa ndiye mjanja, anaweka fedha zote. Lakini mchezeshaji amekwishainyoosha pembe ile na kuikunja ya karata nyingine. Anayeliwa hapa huwa ameingiwa kwanza na tamaa ya kumla mwenziwe.

Akirudi nyumbani mikono mitupu husema: "Walinifanyia dawa." Kauli hii inampa raha, kwani inamwondolea lawama. Lakini ina sumu mbili. Mosi, inamfanya mwizi aonekane ana nguvu za ghaibu. Pili, inamfanya mkulima atafute kinga kwa mganga, akaliwe mara ya pili. Kamari imeharamishwa kwa Aya zilizo wazi katika Surat Al-Maida (5:90-91), nayo sheria ya nchi ya mwaka 2003 inakataza kuiendesha bila ya leseni. Na kwa vijana wetu wanaosuka mikeka katika simu tunasema: leseni ya serikali hairuhusu alichokikataza Allah.

Sasa tuseme lile lililo zito zaidi, nalo linatuhusu sisi wenye kanzu na vilemba. Wapo wanaojiita wasomaji wa Ruqya ambao huutoa msumari, nywele au kitambaa "kutoka ndani ya mwili" wa mgonjwa, na kitu hicho kilikuwa katikati ya vidole vyao tangu walipoingia mlangoni. Wapo wanaotazamia kwa Msahafu na kutaja jina la jirani kuwa ndiye mbaya wako. Ni kiini macho kile kile cha kijana wetu. Tofauti ni kuwa kijana alichekesha wenzake, na hawa wanakula mali za wagonjwa na kuvunja ndoa. Kijana tulimfukuza, na hawa tunawakalisha mbele katika hafla zetu! Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kumwendea mtabiri na kumuuliza jambo haikubaliwi swala yake siku arobaini. Hakubagua mtabiri mwenye tunguri na mtabiri mwenye tasbihi.

Matokeo ya haya hayakuishia katika vitumbua vilivyododa. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya wekundu wa macho yao, wekundu uliotokana na moshi wa kuni wanazopikia. Ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo, hasa kuanzia mwaka 2007, kwa maneno ya waganga. Mwezi Januari 2015 serikali ililazimika kutangaza marufuku ya waganga wapiga ramli. Kila jambo kati ya hayo lilianza kwa neno la mtu aliyeaminiwa bila ya kuulizwa dalili. Tulipozisikia kokoto juu ya bati la mjane yule tulipaswa kutetemeka, kwani njia ile tunajua inakoishia.

Tumefanya nini, na tunausia nini

Tumemwendea mama wa kijana nyumbani kwake, tukamwomba radhi mbele ya wazazi wake na majirani. Hakusema mengi. Alisema: "Nimesamehe, lakini mlinisema msikitini, basi mkanisafishe msikitini." Alikuwa na haki. Aliyechafua heshima ya mtu hadharani hatoshelezi kuomba radhi chumbani. Mwalimu yule yule aliyesimama baada ya Ishaa alisimama tena, safari hii baada ya swala ya Ijumaa, akakiri kwamba alisema bila ya kuhakiki, kinyume na mafundisho ya Surat Al-Hujurat (49:6). Kijana amerudi darasani. Wateja wa mama yake wanarudi kidogo kidogo, na wapo ambao hadi leo hawajarudi. Ulimi huvunja kwa siku moja ambacho toba hukijenga kwa miezi.

Ama hukumu ya mchezo wenyewe, wapo maulamaa wa zama zetu waliokataza mazingaombwe yote, hata ya kuchekesha, kwa ajili ya kuziba njia ya uongo na ya kutukuza wachawi. Tunaona kuwa kauli hiyo ndiyo yenye usalama zaidi kwa watoto wetu, na tumemnasihi kijana aziache karata. Lakini kumnasihi mtoto ni jambo moja, na kumwita mchawi ni jambo jingine kabisa. Kabla hajaziacha tulimtaka afanye jambo la mwisho: akae mbele ya darasa zima, azifunue karata zote juu ya mkeka, zile ndefu upande huu na fupi upande ule, na ampe kila mwenzake rula apime. Yule binti aliyeanguka kwa hofu alipima mara mbili. Kisha akacheka. Kicheko kile, Ndugu Msomaji, kilitufundisha zaidi ya hotuba nyingi tulizotoa.

Tunawausia walimu wenzetu mambo matatu. Kwanza, fundisheni watoto Tauhidi pamoja na kuuliza: nani amesema, ameona nini, na kitu chenyewe kiko wapi. Pili, msiseme mimbarini neno juu ya mtu ambalo hamkulipima kwa macho na mikono yenu, hata mkiletewa na waumini kumi. Tatu, anayedai kutoa misumari mwilini au kujua ya ghaibu, mwambieni akunjue mikono ya kanzu na aonyeshe viganja kwanza. Mkweli hatadhurika.

Allah Atusamehe tuliyoyasema kwa ujinga, Aihifadhi heshima ya yule mjane na mwanawe, na Atujaalie kuiona haki kuwa ni haki tuifuate, na batili kuwa ni batili tuiepuke. Amin.

Wabillahi tawfiq.